Cheza na Swingi Uliyoamka Nayo

Gofu ina kazi mbili, na wachezaji wengi wa ridhaa huzifanya zote kwa mpigo mmoja: kutengeneza swingi na kucheza mashimo. Ya kwanza ni ya kiwanja cha mazoezi, taratibu, bila kadi ya mikwaju wala watu wanaokusubiri nyuma. Ya pili ni ya Jumamosi, ukiwa na wenzako watatu, na siku hiyo huna swingi nyingine ila ile uliyoamka nayo. Anayezichanganya utamjua tu. Mpira wake wa kwanza ukipotelea vichakani kulia, anabaki kwenye tii akipunga fimbo hewani, mara kiwiko kimekaa vibaya, mara bega limeinuka, na mwenzake mwenye handikapu kubwa kuliko yake anamfafanulia kasoro iko wapi. Shimo la pili anafika na maagizo manne kichwani, na sijapata kuona mtu aliyepiga mpira vizuri huku akiyakumbuka yote manne.

Basi tuzitenganishe, tuanze na mazoezi. Nitaeleza kwa anayetumia mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze.

Kasoro nyingi tunazozitafuta kwenye viuno na mabega ziko mikononi, na zimeshaingia kabla fimbo haijasogea. Simama wima, shika fimbo kwa mkono wa kushoto kwanza. Mpini ulale kwenye mashina ya vidole, si katikati ya kiganja. Funga mkono, kisha tazama chini: unatakiwa uone vifundo viwili vya vidole, au viwili na nusu. Ukiona kimoja tu, mara nyingi uso wa fimbo utaufikia mpira ukiwa wazi, na mpira utakwenda kulia hata swingi yako iwe ya kupendeza vipi. Mkono wa kulia unafuata chini yake, kiganja kikifunika dole gumba la kushoto. Pale dole gumba na kidole cha shahada vinapokutana panatokea mkunjo. Mikunjo ya mikono yote miwili ielekee bega la kulia.

Halafu legeza. Anayebana fimbo hufunga viganja, viganja hufunga mikono hadi viwikoni, na fimbo hufika kwenye mpira ikiwa imechelewa. Ila wakati mwingine kubana si tabia yako, ni raba ya mpini iliyochakaa mpaka inateleza. Fimbo za mitumba, ambazo ndizo zilizotuingiza wengi kwenye mchezo huu, mara nyingi zimefika hali hiyo. Kubadilisha raba ni gharama ndogo sana ukilinganisha na draiva mpya, na kwa mchezaji wa handikapu 20 na kuendelea ningesema faida yake ni kubwa zaidi.

Mshiko mpya utakuudhi. Utahisi kama umeshika fimbo ya mtu mwingine, na mipira ya mwanzo itakwenda kushoto. Usiurudie wa zamani. Jioni, wakati wa taarifa ya habari, kaa na fimbo mkononi, ishike, iachie, ishike tena. Mikono huzoea mbele ya televisheni vizuri kuliko mbele ya mpira.

Sasa huo mpira unaopinda kulia, slaisi, maradhi ya wachezaji wa ridhaa dunia nzima. Mpira huanza safari yake kuelekea karibu kabisa na pale uso wa fimbo ulipokuwa unatazama wakati wa kugusana. Kisha hupinda, kwa sababu uso ulitazama upande mmoja na fimbo ilikuwa inapita upande mwingine. Kwa miaka mingi walimu walifundisha kinyume chake, kwamba njia ya fimbo ndiyo inayouanzisha mpira, mpaka rada za kupima mipira zilipoonyesha vingine. Fuata hesabu hiyo uone kinachompata mwenye slaisi. Anajua mpira wake huenda kulia, kwa hiyo anajielekeza kushoto ili urudi katikati. Miguu kushoto, mabega kushoto, fimbo inazidi kukata kwenda kushoto, lakini uso umebaki wazi vilevile. Pengo kati ya uso na njia limepanuka, mpira unapinda zaidi. Wiki inayofuata anajielekeza kushoto zaidi. Wapo wanaopiga wakiwa wametazama bendera ya shimo la jirani.

Dawa yake ni kurudi nyuma hatua kwa hatua. Rekebisha mshiko kwanza, kama tulivyosema. Pili, laza fimbo moja chini ikielekea shabaha na nyingine sambamba nayo mbele ya vidole vya miguu, ujue mwili wako unatazama wapi hasa, wengi hushtuka. Tatu, weka kile kifuniko cha draiva upande wa pili wa mpira, ng'ambo ya mguu wako, nyuma kidogo ya usawa wa mpira. Fimbo ikishuka kwa njia ya kukata itakipiga kifuniko. Piga nusu swingi mpaka fimbo ipite bila kukigusa. Hakuna haja ya nguvu hapa, na mtu anayefanya zoezi hili kwa nguvu atanunua kifuniko kingine.

Kama ungeniambia una dakika 15 tu kwa wiki, ningekuacha kwenye mchanga. Nenda kwenye bunka ya mazoezi, chora mstari mchangani kwa ncha ya fimbo, urefu wa hatua mbili tatu. Simama ukiitanua miguu sawasawa pande zote mbili za mstari, aini namba 7 mkononi, bila mpira. Piga. Kisha inama utazame fimbo imeanza kuchota mchanga wapi. Sogea kidogo kando ya mstari, piga tena, tazama tena. Aini hupigwa ikishuka: inagusa mpira kwanza, ardhi baadaye. Kwa hiyo shimo la mchanga linatakiwa lianzie kwenye mstari au mbele yake, upande wa shabaha. La wengi wetu huanzia nusu shubiri nyuma, na hiyo nusu shubiri ndiyo inayozaa mipira ya kufukua udongo na ile ya kukwangua kichwa cha mpira. Ni kosa moja lenye sura mbili: uzito umebaki mguu wa kulia kwa sababu mpigaji anajaribu kuunyanyua mpira. Usiunyanyue. Mwinamo wa uso wa fimbo ulitengenezwa kwa kazi hiyo.

Jinsi ya kuhamisha uzito haihitaji maelezo marefu. Maliza swingi ukiwa umesimama juu ya kisigino cha kushoto, kifungo cha mkanda kikitazama shabaha, mguu wa kulia ukigusa chini kwa ncha tu, na ubaki hivyo mpaka mpira utue. Ukishindwa kubaki, basi kuna mahali uliyumba. Baada ya wiki kadhaa utaona mchanga unaanza kuchotwa mbele ya mstari bila wewe kuufikiria.

Draiva ni habari nyingine. Mpira uko juu ya tii, unaupiga fimbo ikiwa inaanza kupanda, kwa hiyo uuweke usawa wa kisigino cha kushoto na tii iwe ndefu kiasi kwamba nusu ya mpira inaonekana juu ya kichwa cha draiva. Zaidi ya hapo sina la kuongeza, isipokuwa kwamba draiva ndiyo fimbo inayofanyiwa mazoezi kupita kiasi katika kila kiwanja nilichotia mguu.

Na kasi? Wachezaji wa kulipwa, walio wepesi na walio taratibu, hukaribiana kwenye uwiano mmoja: fimbo hupanda kwa muda kama mara tatu ya ule inaotumia kushuka. Mchezaji wa ridhaa huinyakua fimbo juu, kisha huishusha kwa hasira. Tamka kimoyomoyo "taratibu" fimbo ikipanda, silabi zote nne, kisha "piga" ikishuka. Inasaidia kuliko picha 20 za swingi kwenye simu.

Nusu ya muda wa mazoezi iwe kwenye grini na pembeni mwake. Uwanja wa par 72 umekadiria pati 36, mbili kwa kila shimo. Anayepiga pati tatu mara sita katika raundi amepoteza mikwaju sita bila kupoteza mpira wala kuingia majini, ndiyo maana hajali. Pati tatu hazitokani na kukosea upande. Hutokana na kukosea urefu. Chukua mipira minne, simama hatua kumi kutoka kwenye shimo, na usilenge shimo. Lenga mpira usimame ndani ya urefu wa mkono kulizunguka. Kisha hatua kumi na tano, kisha tano. Wanaotumia muda wote kupiga pati za hatua moja moja wanajifurahisha tu.

Soma pia mlalo wa nyasi, hasa viwanja vya pwani na kwingine kwenye nyasi za bermuda. Simama nyuma ya mpira utazame njia ya kuelekea shimoni: zikimeta, zimelala kwenda mbele na mpira utateleza, zikionekana nzito na za kijani kilichokolea, zinakutazama wewe na mpira utakwama. Tofauti ni kubwa kiasi cha kumfanya mtu adhani kasahau kupiga pati.

Viwanja vingi vya Nairobi na Limuru vimetandwa na nyasi za kikuyu, ambazo golfa wa Riviera kule Los Angeles nao huzilalamikia kwa jina hilohilo, kwa kuwa asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Kwenye feawei ni neema: mpira hukaa juu kama umewekewa tii. Ukitoka pembeni mambo hubadilika. Majani yake yanashika shingo ya fimbo na kuufunga uso, kwa hiyo ndani ya rafu shika imara zaidi kidogo, chukua fimbo yenye mwinamo mkubwa na ukubali kurudi feawei tu. Na karibu na grini, ile chipu ya chini inayotua mbele ya grini na kubingirika, ambayo video za Uskoti huisifia, kwenye kikuyu hufia hapohapo inapogusa nyasi. Peperusha mpira utue juu ya grini yenyewe. Kama umebakiza hatua mbili tu za nyasi kati yako na grini, bado peperusha.

Hayo ndiyo mazoezi. Jumamosi ikifika, yaache kwenye kiwanja cha mazoezi. Ukiamka na mpira unaopinda kulia, basi lenga upande wa kushoto wa feawei bila kugeuza mwili wote, ucheze nao siku nzima. Jambo moja tu la kukumbuka, si zaidi. Mimi ningechagua "maliza ukiwa umesimama".

Pia badilisha par. Handikapu yako haikukusudiwa kupunguza alama mwishoni peke yake. Ni ramani ya kucheza. Mwenye handikapu 18 ana mkwaju mmoja wa ziada kila shimo, kwa hiyo par 4 ya yadi 400 kwake ni par 5. Gawanya: 160, 140, 100, kisha pati mbili. Hakuna draiva ndani ya hesabu hiyo, wala fimbo yoyote ngumu. Mchezaji huyohuyo akitaka kufika kwa mikwaju miwili anahitaji mipira miwili bora ya maisha yake ifuatane, na akikosa mmoja anaondoka na saba.

Tii nazo uchague kwa akili. Kipimo kinachotumika sana ni kuzidisha urefu wa aini yako namba 5 mara 36. Anayeipiga yadi 150 anafaa uwanja wa yadi 5,400 hivi. Wanaume wengi watatazama kadi na kugundua kwamba hizo ni tii za mbele, na hawatazitumia, kwa sababu ambazo hazihusiani na gofu.

Halafu kuna kedi. Katika nchi nyingi za matajiri kedi ni anasa. Kwetu ni jambo la kawaida, na bado tunamtumia kama kitoroli. Wengi wao wanacheza vizuri kuliko wanaowabebea mifuko. Dismas Indiza, mmoja wa wachezaji wa kulipwa wanaojulikana sana Kenya, alianzia kwenye ukedi. Kwa hiyo uliza, na uulize mapema: grini hii inashuka wapi, nyuma ya bendera kuna nini. Usiulize swingi yako imekosea wapi. Hiyo ni kazi ya kwanza tena.

Thamani ya kedi huonekana vizuri zaidi Mnairobi anaposhuka Mombasa. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira husafiri mbali kwa asilimia 6 hivi kuliko pwani. Yadi 150 za Nairobi zinakuwa 141, karibu fimbo nzima. Ongeza upepo wa kusi, unaovuma miezi ya katikati ya mwaka, na utasikia mazungumzo ya namna hii:

"Yadi 150. Nipe saba."

"Hapa siyo Nairobi, mkubwa. Na kusi hiyo inakuja usoni. Chukua tano, uende nayo pole."

Kedi amesema mambo mawili, na la pili ndilo linalopuuzwa. Kuelekea upepo, ukipiga kwa nguvu mpira huzunguka zaidi, unapanda juu na kusimama hewani. Fimbo ndefu kwa swingi ya taratibu hukaa chini na kufika. Mwenye saba atapiga kwa nguvu zote, mpira utatua mbele ya grini, na atasema fimbo za kukodi hazifai. Kuhusu malipo ya kedi, klabu huwa na kiwango chake. Uliza kwa kedi masta kabla ya kuanza, si kwenye shimo la 18.

Ukiona kadi za mikwaju zinakunyima raha, cheza kwa pointi za Stableford. Mfumo huu una jina la daktari wa Kiingereza, Frank Stableford, na mashindano yake yalichezwa katika klabu ya Wallasey, Uingereza, mwaka 1932. Par baada ya kutoa handikapu ni pointi 2, bogi ni 1, bedi ni 3, na shimo likishaharibika kabisa unaokota mpira na kutembea. Hapo mkwaju wa kumi hauna kazi, wenzako hawakusubiri, na shimo linalofuata linaanza upya. Ndiyo maana raundi za kirafiki za Stableford hazibebi kinyongo.

Mwendo nao ni sehemu ya raha. Kanuni zinakupa dakika 3 za kutafuta mpira, na zinashauri kila mkwaju upigwe ndani ya sekunde 40. Aliye tayari apige, msisubiriane kwa heshima za kizamani kwenye raundi ya kawaida. Swingi moja ya majaribio inatosha. Ya tatu ni kazi ya kwanza imejipenyeza. Mashimo 18 ni mwendo wa kilomita nane hadi kumi kwa miguu, kwa hiyo kunywa maji kuanzia shimo la tatu, si baada ya kichwa kuanza kuuma. Kama huna saa nne na zaidi, cheza tisa. Klabu ya Mombasa, pale juu ya bahari, ina mashimo tisa tu na hakuna anayeondoka akilalamika kwamba alipunjwa.

Na usiikasirikie handikapu. Mfumo wa dunia ulioanza mwaka 2020 huchukua raundi zako 20 za karibuni na kupiga wastani wa 8 zilizo bora. Zile 12 nyingine hazimo, maana yake kwa hesabu yenyewe siku nyingi utacheza vibaya kuliko namba yako. Kuicheza namba hiyo mara moja katika raundi nne au tano ni hali ya kawaida. Mtu anayelalamika kila Jumamosi kwamba leo hakucheza gofu yake, hiyo ndiyo gofu yake.

Mkimaliza, kabla soda haijaisha, andika namba tatu nyuma ya kadi: mipira uliyopoteza au kuadhibiwa, mashimo uliyopiga pati tatu, na mara ulizokuwa ndani ya yadi 100 ukashindwa kufika kwenye grini kwa mkwaju mmoja. Usiandike jinsi ulivyoihisi swingi, utajidanganya. Namba kubwa kati ya hizo tatu ndiyo mazoezi ya Jumanne, na kama ni pati, draiva ibaki nyumbani.